Nyumba Yenye Foni

Siku hizi vijana wa ukoo wetu wanaokaa Bukavu na Uvira wananiambia, kwa sauti ya mtu aliyegundua kitu, kwamba wao hufanya kazi nyumbani. Kompyuta iko mezani, miguuni wamevaa kandambili, mkubwa wao hawamwoni. Huwaacha waseme mpaka mwisho, kisha nawaambia kwamba mtu wa kwanza kufanya kazi nyumbani hapa Baraka, mji wetu kando ya Ziwa Tanganyika, kazi ya diploma, si ya jembe wala ya nyavu, ni mimi. Niliifanya wakati wa vita, miaka mingi mfululizo. Wakitaka kujua faida na hasara zake waniulize mimi. Hawaniulizi. Basi naandika.

Kwanza ijulikane kwamba mimi sikubebwa na mtu. Baba alilima mihogo kwenye miteremko chini ya Fizi-Centre na hakuwahi kushika kalamu. Karo yangu niliitafuta kwa mgongo, nikibeba magunia ya samaki wakavu pale ufukweni na kuteremsha mawese kwa miguu. Nilifika Bukavu peke yangu, nikaingia shule ya ufundi, nikatoka na diploma ya elektroniki. Vita ya kwanza iliponikimbiza ng'ambo ya ziwa, nilivuka na mke wangu na ile diploma, nimeifunga kwa plastiki ndani ya shati. Katika kambi ya wakimbizi wenzangu walikaa wakisubiri unga na maharagwe. Mimi nilikaa chini ya turubai nikitengeneza redio, na wateja walikuja kwangu hata kutoka mjini Kigoma.

Vita ya pili ilipopamba moto na kila mwenye miguu akawa anatoka, mimi nilirudi. Walisema nimerukwa na akili. Nilirudi na sanduku moja la mbao, na ndani yake, nimeizungushia godoro, mlikuwa na foni: ile redio ya kupigia sauti mbali, unaita Uvira, unaita Bukavu, unaita Kigoma, nao wanakujibu. Simu hazikuwepo. Barua ilisafiri ndani ya mfuko wa mtu, na huyo mtu mara nyingi hakufika. Kwa hiyo mjue nilirudi na kitu gani.

Ofisi ya kuiweka haikuwepo. Kule Fizi-Centre, makao ya serikali ya Fizi nzima, milango ya ofisi ilikwisha kung'olewa ikapikiwa, na barabara ya kupanda huko ilikuwa ya aina ambayo mtu akiipanda asubuhi, watu wake hawafanyi kitu kingine siku hiyo ila kumngoja. Basi niliiweka nyumbani, sebuleni. Meza, betri ya gari chini ya meza, paneli ya jua juu ya bati, na waya uliotoka paani ukavuka ua mpaka kwenye mchikichi wa jirani yangu, mzee Mwislamu mwenye mashua za kwenda Kigoma. Aliniruhusu kufunga waya kwa sharti moja, kwamba nimwulizie mashua zake kila zinapovuka. Ukutani niliweka benchi ya wanaongoja. Kati ya sebule na ua wa jikoni nilining'iniza pazia.

Faida zilionekana upesi, na sitazificha kwa sababu ya yaliyofuata. Sikupita kwenye kizuizi cha barabarani hata kimoja. Wenye bunduki wa mji walijua nilipo, hawakuhitaji kunitafuta. Nao pia walikuwa na mama zao mahali, walikuja wakakaa kwenye benchi kama watu wengine, silaha katikati ya magoti. Nilikula ugali wa moto. Wanangu wawili niliwaona wakikua, jambo ambalo wanaume wengi wa rika langu hawakuliona, maana walikuwa msituni au machimboni au chini ya udongo. Watu walitoka Lulimba kwa siku nyingi za mguu kuja kukaa kwenye kiti changu. Alishuka mzee kutoka Bibokoboko, kule milimani kwa wafugaji, kuuliza habari za mtoto wake aliye Bukavu, akaniletea maziwa ndani ya kibuyu, akaniita mkubwa, na alikuwa na umri wa baba yangu. Niliizoea heshima hiyo. Asubuhi nilivaa shati la mikono mirefu kwenda kazini, na kazi ilikuwa hatua sita kutoka kitandani.

Habari iliyokuja zaidi kwa foni miaka ile ilikuwa ya vifo.

Kwetu, mtu akipigwa na habari ya kifo ndani ya nyumba yako, humtoi. Analia hapo, anakaa chini hapo, mpaka watu wake waje wamchukue. Mama wa nyumba anamletea maji ya kunawa uso, anazima moto jikoni, na hakuna anayekula katika nyumba hiyo mpaka yule mtu ameondoka. Ni jambo jema, na katika maisha ya kawaida linaiangukia nyumba moja labda mara moja kwa miaka mingi. Kwangu liliingia wiki ya kwanza. Alikuwa mama mmoja anayeuza mihogo sokoni, mtoto wake alikuwa Uvira. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia asante, akashuka kwenye kiti taratibu kama anayeteremka ngazi, ndipo akalia. Mke wangu alizima moto. Wiki ile ile wakaja wengine wawili.

Mwaka ulipokwisha, sufuria ya nyumbani kwetu ilikuwa inatelekwa na kuteremshwa, inatelekwa na kuteremshwa. Siku nyingine watoto walikula jioni chakula kilichoanza kupikwa asubuhi. Niliona haya kuyataja, mimi mwenye kazi, kwamba watoto wangu hushinda njaa si kwa kukosa unga.

Mke wangu hakuwa mgomvi. Alikuwa amevuka ziwa na mimi mara mbili, kwenda na kurudi, bila kuuliza. Lakini mimba ya tatu ilipoonekana, aliniomba jambo moja, na miezi yote iliyofuata hakuniomba lingine: niitoe foni nyumbani kabla mtoto hajazaliwa.

"Baba batoto, mi sikatai kazi yako," alisema. "Peleka tu kwingine. Bamama habaingie tena kwangu. Wenye mimba banapita ngambo ya barabara. Nikizala, nani atakuja kuoshea mutoto mu nyumba ya kilio?"

Alikuwa anasema kweli. Kwa watu wake mtoto mchanga hukaa ndani mpaka kitovu kianguke, na siku hizo zote wanawake huja kumwogesha, kumwimbia, kucheka kwa sauti. Mtoto haingizwi mahali palipoliliwa jana. Nilimjibu kwamba hayo ni mambo ya kijijini.

Na chumba kilikuwepo, hili nataka lieleweke. Jirani yangu mwenye mashua alikuwa na dipo la kuwekea mizigo ufukweni, nusu yake tupu, akaniambia nichukue hiyo nusu, waya tungeupeleka mpaka kwenye mti mwingine. Nilikataa. Nilimwambia kwamba dipo lina unyevu na mashine haipendi unyevu, jambo ambalo ni kweli. Lakini kweli yenyewe ilikuwa nyingine. Kule ufukweni ningekuwa fundi mmoja kati ya mafundi wa baiskeli na wauza mafuta. Nyumbani kwangu watu walibisha hodi, wakavua kofia. Nyumba ile niliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, na nilitaka kila mtu wa Fizi aingie ndani yake akiwa na shida ambayo mimi tu ninaweza kuitatua. Yule mzee alinitazama, akasema, "Sawa, mwalimu," na mimi sikuwa mwalimu.

Siku moja nilitoka sebuleni nikawakuta wanangu uani. Mmoja alikuwa anaita Kigoma kwenye kopo la dagaa. Mwingine alisikiliza, akasema asante, akajitupa chini, akalia vizuri sana, kama mtu mzima. Mama yao alikuwa jikoni. Mkono wake ulikwisha kuvuta kuni motoni kabla hajaelewa kwamba ni mchezo. Alikaa ameshika ukuni unaotoa moshi, akanitazama mimi, hakuwatazama watoto.

Ndipo nilipobuni dawa yangu. Nilijivunia sana dawa hiyo. Niliamua kwamba kifo hakitatangazwa tena ndani ya nyumba yangu. Habari mbaya ikiingia, nitaipokea mimi, nitamwambia anayengoja kwamba leo mawimbi ya redio ni mabaya, arudi kesho. Kisha mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, nitakwenda kwa wazee wa familia, nitawaambia polepole kama desturi inavyotaka, nao watajua namna ya kumwambia mwenyewe. Nyumba yangu itabaki safi, mke wangu atapika, na foni itabaki mezani. Nilimweleza mke wangu. Alisema tu, "Tutaona."

Mara ya kwanza wazee walinisifu. Walisema huyu kweli amesoma, lakini hakusahau adabu. Niliingia uani kwao, nikaketi, nikauliza habari za mashamba, nikasema, "Wazee wangu, tulieni kwanza," na baada ya hapo nikasema nililokuja kusema. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu hawakuningoja niketi.

Kosa langu mtu mwingine angeliona tangu mbali. Mimi nilikuwa mtu wa ndani. Tangu nirudi, Baraka haikunizoea barabarani. Sokoni alikwenda mke wangu, maji waliteka wengine, na watu wote walinijua nikiwa nimeketi nyuma ya meza. Kwa hiyo mchana nilipoonekana nje ya lango langu, nimevaa shati langu la kazi, natembea, kulikuwa na sababu moja tu. Wanawake walisimama milangoni. Walitazama nitakata kona ipi. Nikiipita nyumba yao walishusha pumzi, na wa nyumba inayofuata wakaweka mikono kichwani. Siku moja nilitoka kununua sabuni. Mama mmoja ambaye mume wake alikuwa amekwenda Uvira kwa biashara aliniona nimesimama karibu na ua wake nikitoa jiwe kwenye kiatu, akaanguka chini. Nilimwapia kwamba sina habari yoyote. Ilichukua muda mrefu kumwinua, na bado hakuniamini mpaka mume wake aliporudi.

Baada ya hapo sikutoka tena bila sababu. Vijana wetu wa kompyuta hawatanielewa. Nilifanya kazi nyumbani mpaka nikashindwa kutoka nyumbani.

Mimba ilipofika mwisho, mke wangu alifunga nguo zake, akawachukua watoto, akaenda kwa yaya yake, dada yake mkubwa, upande wa pili wa mji karibu na kituo cha afya. Pale langoni alinirudilia neno lake bila hasira. "Kitovu kikianguka, na ile kitu imetoka, tuma muntu aniambie, nitarudia na batoto. Kama iko bado, usitume."

Alijifungua mtoto wa kike. Habari ililetwa na jirani yangu, akanipongeza, akaniuliza tena kuhusu dipo. Nilimwambia tutaongea.

Siku ya tatu sikuweza kukaa. Nilitaka kumwona binti yangu. Nilimaliza saa ya Kigoma, ile tuliyopangiana ya kuitana, nikawaomba radhi waliokuwa kwenye benchi, nikavaa koti langu la Bukavu, lile nililopokelea diploma. Nilidhani koti litawaambia watu kwamba leo natembea kwa furaha. Nilichukua kitenge kipya mkononi na sukari kidogo, nikatoka saa sita mchana, jua kali.

Hawakuona kitenge. Waliona mimi, na koti. Hawakuwahi kuniona na koti, wakadhani ni kifo kikubwa. Kufika sokoni nilikuwa na watu watano nyuma yangu, wanakuja kimya, kila mmoja akitaka kujua naelekea kwa nani. Niliwaambia warudi. Niliwaambia naenda kumwona mtoto wangu. Mmoja alisema, "Ndiyo, papa," akaendelea kunifuata. Nilipokata kona ya kituo cha afya walikuwa wengi, na mbele kabisa kulikuwa na wanawake waliokwisha kufunga vitenge kiunoni kama waendao msibani.

Shemeji yangu, yule dada mkubwa, alikuwa uani na wanawake wanne au watano. Walikuwa wameweka karai la maji ya vuguvugu juani. Walikuwa wanaimba. Kaka wa pekee wa shemeji na mke wangu alikuwa Lulimba anachimba dhahabu, na kwa miezi mingi hakuna aliyesikia habari zake. Mimi mwenyewe nilimwulizia mara nyingi bila jibu. Shemeji aliinua macho, akaniona nimesimama langoni na umati nyuma yangu. Wimbo ulikatika.

Nilisema, "Tulieni kwanza, hakuna kitu."

Hilo ndilo neno nililolianza katika kila nyumba. Sikuwa na lingine mdomoni. Shemeji alipiga kelele kwa jina la kaka yake na kujitupa chini, na karai likapinduka, na wale waliokuja nyuma yangu wakaingia wakilia, kwa sababu walikwisha kuwa tayari tangu sokoni. Ua wote ulijaa. Nilizunguka nikimshika huyu na yule bega, nikisema hakuna aliyekufa, hakuna aliyekufa, na kila nilipozidi kusema ndivyo walivyozidi kulia, maana mleta habari siku zote hukataa kwanza.

Mke wangu alitoka mlangoni. Alikuwa amemfunika mtoto wote kwa nguo, hata uso. Alitazama umati, akatazama dada yake aliyekuwa akigaagaa kwenye matope ya maji ya mtoto, kisha akanitazama mimi.

"Ni kaka?" aliuliza.

"Hapana. Nimekuja kuona mutoto."

Alielewa mara moja. Yeye peke yake aliniamini. Wala hilo halikunisaidia.

"Umemuletea kilio mpaka huku," alisema. "Siku tatu tu iko nayo."

Alirudi ndani, akafunga mlango. Nilibaki na kitenge. Walipokwisha kutulia na kuelewa, hakuna aliyecheka, ingawa baadaye, mwezi mzima, mji ulicheka. Mwanamke mmoja mzee alichukua sukari mkononi mwangu na kuniambia niende. Mtoto sikumwona.

Siku hiyo ningeweza kuitoa foni. Nilipita mbele ya dipo wakati wa kurudi, mlango ulikuwa wazi, jirani yangu alikuwa amekaa kwenye gunia. Alisimama aliponiona. Lakini saa ya Uvira ilikuwa imekaribia na kwangu kulikuwa na watu kwenye benchi, nikampungia mkono, nikapita. Nilijiambia mke atazoea. Nilijiambia hasira ya mzazi haifiki mwezi.

Kabla ya mwezi kwisha jirani yangu alikuja asubuhi, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaomba nimwulizie Kigoma kama mashua yake imefika salama, maana ziwani kulikuwa na upepo. Niliita. Kigoma wakajibu kwamba imefika, mizigo imelowa kidogo, abiria wazima wote, akina mama na watoto wamekwisha kupelekwa kwenye uandikishaji wa wakimbizi. Nikamgeukia nimpongeze. Alikuwa anatazama sakafu.

"Mama batoto alinikataza kukuambia," alisema. "Shemeji yako alimusindikiza mpaka pwani. Batoto bote batatu."

Hivyo nilijua kwa foni yangu mwenyewe, kwenye kiti changu, kama watu wote. Sikulia. Jikoni hapakuwa na mtu wa kuzima moto. Niliita Uvira.

Mwaka ulipita na zaidi. Vita iliongezeka, kisha wakasema imepungua. Niliendelea kufanya kazi vizuri. Hakuna anayeweza kusema nililala au niliiacha betri ife. Kila saa ya Kigoma nilisikiliza majina yanayoitwa, na siku moja fundi wa huko alisema kuna mama kambini anamtaka mtu wa Baraka. Sauti ya mke wangu niliitambua kabla hajamaliza neno. Hakuniita mimi. Aliomba aitwe yaya yake.

Sikutoka mwenyewe, mnajua kwa nini. Nilituma jirani. Shemeji alifika akihema, akaketi, nikampa kipaza sauti na kumwonyesha wapi pa kubonyeza. Fundi wa foni hukaa mezani wakati watu wanaongea. Hawezi kuondoka, mawimbi yanahama na lazima ayafuate kwa mkono. Kwa hiyo nilisikia yote. Alisema wako wazima. Alisema watoto wakubwa wanasoma. Alisema amejiandikisha kwa wale watakaopelekwa kambi nyingine, ya mbali na ziwa, ambako hakuna foni, ndiyo maana amekuja kuaga.

Shemeji alinitazama. "Baba yabo iko hapa, karibu yangu kabisa. Unataka umuongeleshe?"

Kelele ya mawimbi ilijaa chumba. Waliokuwa kwenye benchi waliinamisha vichwa.

"Hapana, yaya," alijibu. "Iko kazini."

Shemeji alimwomba basi amsikie mtoto, hata kidogo. Kulikuwa na mkwaruzo, kisha sauti ndogo ambayo haikuwa ikisema kitu, inapanda na kushuka. Ilikuwa inapotea. Nilishika kitasa nikakizungusha pole sana, unene wa unywele, mpaka ikaja safi, safi kabisa, kama yuko nyuma ya pazia. Kazi hiyo hakuna mwingine Fizi nzima angeiweza. Niliishikilia hapo mpaka ikakatika upande wao.

Fundi wa Kigoma alirudi hewani, akauliza kama Baraka ina ujumbe mwingine kwa huyo mama kabla hajaondoka. Shemeji alikuwa amefunika uso. Nilichukua kipaza sauti, nikabonyeza, nikasema hakuna.